Paa la bati na vumbi lenye mionzi: Kolandoto ingejikinga kwa kitu gani?

*Kuta za nyumba nyingi za Shinyanga zinasaidia, mapaa yake hayasaidii. Kinga iliyo karibu zaidi ni udongo, nafaka na saa 48 za kwanza, ikiwa watu watafahamishwa mapema namna ya kuvitumia.*

Nyumba ya kawaida katika kata ya Kolandoto, pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga kwenye barabara iendayo Mwanza, ina kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati lisilofikia unene wa nusu milimita. Ujenzi huo unatosha kwa jua na kwa mvua, lakini una upungufu mkubwa iwapo kitakachoshuka kutoka angani ni vumbi lenye mionzi.

Mionzi ya gama, yaani nishati isiyoonekana inayotoka katika viini vya atomi visivyotulia na kupenya mwilini bila mtu kuhisi lolote wakati huo, hupungua kwa nusu inapopita katika chuma chenye unene wa takriban milimita 18. Kwa hesabu hiyo, mabati ya milimita 0.3 yangelazimika kupangwa 60, moja juu ya jingine, ili kuzuia nusu tu ya mionzi, na kwa hiyo bati moja lililoezekwa juu ya kitanda ni sawa na kutokuwa na kitu.

Swali linalochunguzwa hapa ni jepesi kuliuliza na zito kulijibu: kama habari ingefika asubuhi kwamba vumbi la namna hiyo litaanguka jioni, familia ya Kolandoto isiyo na handaki la zege wala fedha za kulijenga ingeweza kufanya nini kwa jembe, viroba na mikono yake?

Tanzania haina silaha za nyuklia wala mtambo wa kuzalisha umeme kwa nyuklia. Hata hivyo, dunia ina vichwa vya makombora ya nyuklia zaidi ya 12,000, na majirani wawili wa Tanzania, Kenya na Uganda, wametangaza mipango ya kujenga mitambo ya umeme wa nyuklia, kwa hiyo elimu ya kujikinga haiwezi tena kuhesabiwa kuwa jambo la mataifa ya mbali peke yake.

Vumbi linavyozaliwa

Bomu la nyuklia linapolipuka kwenye uso wa ardhi, moto wake hunyanyua mamia ya maelfu ya tani za udongo na kuziyeyusha, kisha mabaki ya atomi zilizopasuliwa huganda juu ya chembe hizo zinapopoa angani. Chembe kubwa, zenye ukubwa wa punje za mchanga, huanguka ndani ya saa chache katika eneo lililo upande unakoelekea upepo, ilhali zile ndogo sana hupanda juu mno na kuzunguka dunia kwa miezi kadhaa kabla ya kushuka, zikiwa zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Kwa sababu hiyo, Hiroshima, ambako bomu la Agosti 6, 1945 lililipuka takriban mita 600 juu ya mji, haikupata vumbi zito la aina hii, ingawa mvua nyeusi yenye mionzi ilinyesha katika baadhi ya maeneo yake. Kisa kinachofundisha zaidi ni kile cha Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki, ambako Marekani ililipua bomu lililopewa jina la Castle Bravo, lenye nguvu ya megatoni 15, Machi 1, 1954.

Saa chache baada ya mlipuko huo, unga mweupe wa matumbawe yaliyoungua ulianza kuwaangukia wakazi wa kisiwa cha Rongelap, umbali wa zaidi ya kilomita 150. Hakuna aliyekuwa amewaambia unga huo ni nini. Watoto waliuchezea, ukaingia katika maji ya kunywa na katika chakula, na watu hawakuondolewa kisiwani hadi siku mbili zilipopita; baadaye ngozi zao zilitokwa na vidonda vya kuungua na nywele zikaanza kunyonyoka. Mabaharia 23 wa mashua ya uvuvi ya Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, walipatwa na madhara yaleyale, na mmoja wao alifariki Septemba mwaka huohuo.

Habari hiyo ina mambo mawili ambayo mwananchi wa Shinyanga anapaswa kuyashika. La kwanza ni kwamba vumbi la hatari zaidi huonekana kwa macho na huchelewa kufika, kwa hiyo kuna muda, hata kama ni mfupi. La pili ni kwamba watu wa Rongelap waliumia mno kwa kukosa maelezo ambayo yangetosha kuandikwa katika nusu ukurasa.

> Vumbi la hatari zaidi huonekana kwa macho na huchelewa kufika, kwa hiyo kuna muda, hata kama ni mfupi.

Afrika nayo imeonja. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza, Gerboise Bleue, karibu na Reggane katika jangwa la Sahara, nchini Algeria, Februari 13, 1960, huku Ghana ya Kwame Nkrumah ikipinga kwa nguvu zote. Miaka 36 baadaye mataifa ya Afrika yalitia saini, jijini Cairo, Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na mkataba huo ulianza kutumika Julai 15, 2009, siku ambayo Burundi, jirani wa magharibi, ilikamilisha idadi ya nchi 28 zilizohitajika kuuridhia.

Udongo unavyopunguza mionzi

Kinga dhidi ya mionzi ya gama haitokani na kitu cha ajabu. Inatokana na uzito wa kile kilichowekwa kati ya mtu na vumbi, kiwe zege, matofali, maji, nafaka au ardhi yenyewe. Wataalamu hupima kinga hiyo kwa unene unaopunguza mionzi kwa nusu, ambao kwa zege ni takriban sentimita 6, kwa udongo ulioshindiliwa sentimita 9, na kwa maji sentimita 18.

Hesabu hiyo inajirudia kwa kila tabaka. Udongo wa sentimita 9 unaacha nusu ya mionzi, wa sentimita 18 unaacha robo, wa sentimita 27 unaacha sehemu moja kati ya nane, na wa sentimita 90, unaofika kiunoni mwa mtu mzima, unaacha takriban sehemu moja kati ya 1,000. Ukuta wa matofali ya kuchoma wenye sentimita 15, ambao ni wa kawaida Kolandoto, unaacha karibu theluthi moja, na kwa hiyo si wa kudharauliwa hata kidogo.

Upande wa pili wa hesabu ni muda. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa uokoaji inasema kwamba kila muda tangu mlipuko unapoongezeka mara saba, ukali wa mionzi ya vumbi la bomu hupungua mara kumi: kile kilichopimwa saa moja baada ya mlipuko huwa sehemu moja ya kumi baada ya saa saba, sehemu moja ya mia baada ya saa 49, ambazo ni siku mbili na ziada kidogo, na sehemu moja ya elfu baada ya wiki mbili. Anayeweza kukaa mahali palipokingwa kwa siku mbili za kwanza anakuwa amekwepa sehemu kubwa ya hatari, na baada ya hapo anaweza kutoka kwa dakika chache kuteka maji au kumtazama mgonjwa.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba wahenga wa magharibi na kati ya Tanzania waliwahi kujenga nyumba ambazo, bila wao kufikiria mionzi, zilikuwa na kile ambacho nyumba ya bati imekipoteza. Tembe la Wanyamwezi na Wagogo lina paa tambarare la magogo, fito na udongo, na mfano wake ungali unaonekana Kwihara, karibu na Tabora, katika tembe walimokaa Livingstone na Stanley. Paa la tembe lenye udongo wa sentimita 20 lingeacha mionzi kidogo kuliko robo ya ile inayotoka juu, wakati msonge wa Wasukuma ulioezekwa kwa nyasi ungeruhusu karibu yote ipite, kama bati linavyoruhusu leo.

Hakuna anayeshauri watu warudi kwenye tembe. Jambo linaloonekana katika mfano huo ni kwamba malighafi ya kinga iko chini ya miguu ya kila mkazi wa Shinyanga na haiuzwi dukani.

Chumba ndani ya chumba

Kwa familia yenye saa tatu au nne tu, njia inayowezekana zaidi ni kutengeneza kinga ndogo ndani ya nyumba iliyopo. Huchaguliwa chumba kilicho katikati, mbali na madirisha na kuta za nje, kwa kuwa vumbi hutua juu ya paa na kwenye ardhi inayoizunguka nyumba, na kila hatua ya kusogea mbali nalo hupunguza kipimo cha mionzi mtu anachopata.

Ndani ya chumba hicho hutengenezwa kijumba cha kulala na kukaa, ambacho paa lake linaweza kuwa mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake au meza imara. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu udongo wa sentimita 20 juu ya eneo la mita moja ya mraba una uzito wa zaidi ya kilo 300, na mlango ulioegeshwa juu ya viti viwili utawaangukia waliolala chini yake. Nguzo zake zinapaswa kuwa matofali yaliyopangwa kwa kupishana, au magunia yaliyojaa, na mlango unapaswa kuongezewa mbao au magogo chini yake kabla ya kupakiwa mzigo wowote.

Magunia ya mpunga na mahindi, ambayo baada ya mavuno hujaa stoo za nyumba nyingi za Shinyanga, yana manufaa ambayo si kila mtu angeyafikiria. Gunia la mahindi lililolazwa, lenye unene wa sentimita 40 hivi, huacha takriban robo ya mionzi. Likipangwa nyuma ya ukuta wa matofali unaoacha theluthi, vyote viwili huacha sehemu moja kati ya 12 ya mionzi inayotoka upande huo. Nafaka iliyotumika hivyo haiharibiki wala haigeuki kuwa na mionzi, kwa kuwa gama hupita bila kuacha kitu. Kinachochafua chakula ni vumbi lenyewe likikigusa, na nafaka ya gunia lililofungwa na kupanguswa inaweza kupikwa.

Madumu ya maji hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kinga na kinywaji. Ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya haja ni lazima iwemo, kwa sababu kwenda chooni nje ya nyumba ndiko kutakakowatoa watu katika saa zilizo mbaya kuliko zote.

> Jiko la mkaa katika chumba kilichozibwa linaweza kuua familia kabla mionzi haijamdhuru mtu hata mmoja.

Onyo moja linastahili kukaziwa kuliko mengine yote. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Chakula cha siku mbili kinapaswa kupikwa kabla, au kiwe cha kuliwa bila moto: karanga, viazi vilivyokwisha kuchemshwa, au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo Wasukuma wameyahifadhi kwa vizazi vingi kwa ajili ya njaa.

Handaki na ardhi ya Usukuma

Penye siku nzima au zaidi, handaki lililofunikwa ni bora kuliko chumba. Mtafiti Cresson Kearny wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, jimboni Tennessee, nchini Marekani, aliyechapisha mwaka 1979 kitabu cha mwongozo wa kujiokoa katika vita vya nyuklia, aliyajaribu mahandaki ya namna hiyo kwa kuzipa familia za kawaida maelekezo ya maandishi na kuziacha zichimbe zenyewe, nazo zikaweza. Mtindo wake ni mtaro mwembamba unaomtosha mtu aliyeketi, uliofunikwa kwa magogo yaliyobanana, juu yake turubai au nailoni, na juu ya hapo udongo wa sentimita 60 hadi 90, pamoja na matundu mawili, moja kila mwisho, kwa ajili ya kuingia na kupitisha hewa.

Kilichoandikwa Tennessee hakiwezi kuhamishiwa Kolandoto bila kutazama ardhi. Wasukuma hutofautisha udongo kwa majina yanayojulikana na kila mkulima: luseni, udongo wa kichanga wa kwenye miinuko, huchimbika upesi lakini kingo zake humomonyoka; itogolo ina tabaka gumu ambalo jembe hugonga na kurudi; na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko mabondeni, hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, kiasi kwamba mtaro uliochimbwa humo kati ya Novemba na Aprili unaweza kujaa maji au kubomoka kabla ya kufunikwa.

Magogo nayo ni tatizo. Mkoa wa Shinyanga ulikatwa miti kiasi cha kuitwa jangwa, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ndio uliorudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotunzwa na kaya au kijiji. Kaya yenye ngitili ina nguzo za kufunikia handaki. Isiyo nayo itategemea milango yake na mapau ya nyumba.

Joto ni adui mwingine anayesahaulika. Watu watano katika mtaro uliofunikwa, katika mkoa ambao nyuzi joto 30 ni jambo la kawaida mchana, watazidiwa kwa joto na hewa nzito ndani ya saa chache ikiwa matundu ni madogo. Kearny alibuni pampu ya mkono ya fremu ya mbao yenye vipande vya nailoni, inayoning'inizwa mlangoni na kuvutwa kwa kamba ili kusukuma hewa, kifaa ambacho fundi seremala yeyote wa mtaani angeweza kukitengeneza akionyeshwa mchoro. Kuziba matundu kwa hofu ya vumbi ni kosa, kwa kuwa punje nzito huanguka chini moja kwa moja, na kijipaa kidogo juu ya tundu kinatosha kuzizuia.

Duara la dhahabu si kimbilio

Katika ukanda wa Geita, Kahama na Shinyanga, wazo linalokuja haraka ni kukimbilia maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambayo baadhi yake huteremka makumi ya mita. Kwa upande wa mionzi, mwamba wa unene huo ni kinga isiyo na mfano. Kwa upande wa uhai, historia ya ukanda huu inasema vingine.

Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura na kunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye miamba, na mwenzao mmoja alifia humo chini. Januari 2017 wachimbaji 15 walinaswa chini ya ardhi katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, mkoani Geita, na kuokolewa siku chache baadaye. Hao walikuwa watu wanaoyafahamu mashimo, wenye wenzao juu wanaojua walipo, katika wakati wa amani ambapo mitambo ya uokoaji iliweza kuitwa.

Familia yenye watoto na wazee ikishuka katika duara lisilo na mtu wa kuendesha feni ya hewa, likiwa na magogo yaliyooza na maji yanayopanda, inabadilisha hatari inayopungua kila saa kwa hatari inayoongezeka. Mapango na njia za migodi mikubwa, zenye mifumo ya hewa na wahandisi, ni suala tofauti, ambalo wenye migodi na kamati za maafa wangeweza kulijadili mapema.

Je, hofu hii ni ya Kolandoto?

Wako wanaoona kwamba mjadala mzima ni anasa, na hoja yao ina uzito. Bomu likilipuka Ulaya au Asia, vumbi litakalofika Shinyanga litakuwa limekaa angani muda mrefu na kupoa, na hakuna handaki litakalohitajika. Hatari hapo itakuwa ya njaa, mafuta na mbolea, kwa sababu biashara ya dunia itakuwa imesimama. Mkoa ambao watu wake hufa barabarani, kwenye maduara na kwa malaria, wasemavyo hao, una mambo ya kutangulizwa.

Kuhusu mitambo ya majirani pia, vipimo vinatuliza. Kenya, baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kupinga mradi huo hadi kuandamana mwaka 2024, imeelekeza macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na Uganda imechagua Buyende, kaskazini mwa ziwa hilo. Siaya iko takriban kilomita 400 kutoka Kolandoto, ilhali mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huweka eneo la kuchukua hatua za haraka, ikiwemo kujifungia ndani, katika kilomita 15 hadi 30 kuzunguka mtambo mkubwa, na eneo la kudhibiti vyakula katika kilomita 300.

Ajali ya mtambo, isitoshe, haifanani na bomu. Mvuke wake hubeba iodini-131 na seziamu-137, mionzi yake haipungui kwa kasi ileile, na kinachohitajika ni kukaa ndani kwa muda, kufunga madirisha na kuzuia maziwa na mboga, si kuchimba mtaro.

Upande wa pili unajibu kwamba maafa hayapigi hodi kwa kufuata orodha ya yanayotarajiwa. Novemba 7, 2022 bwawa la kuhifadhia tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani na Kolandoto, lilibomoka na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya Wilaya ya Kishapu. Na hata vita vya zamani viliifikia Kanda ya Ziwa: Machi 1979, katika Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kupiga maghala ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakawaangukia wanyama wa Kisiwa cha Saanane.

Uzito wa hoja hizi mbili unaelekeza mahali pamoja. Kuchimba mahandaki leo kungekuwa kupoteza nguvu kazi na kuwatisha watoto bure, lakini kuwafundisha watu hesabu ya sentimita tisa na ya saa 49 hakugharimu chochote zaidi ya vipindi viwili vya fizikia katika shule ya sekondari.

Kubaki au kukimbia

Mabishano makali zaidi miongoni mwa wataalamu yanahusu wale wasioweza kujiondoa wenyewe. Baada ya ajali ya Fukushima, nchini Japani, iliyoanza Machi 11, 2011, wagonjwa wa hospitali ya Futaba waliondolewa kwa haraka katika mabasi, bila wauguzi wa kutosha wala dawa, na makumi yao wakafariki njiani au muda mfupi baadaye. Katika mkoa wa Fukushima vifo zaidi ya 2,000 vimehesabiwa kuwa vilitokana na misukosuko ya kuhama na maisha ya ukimbizini, wakati mionzi yenyewe haikuua watu kwa idadi inayokaribia hiyo. Kwa upande mwingine, watu wapatao 49,000 wa mji wa Pripyat waliachwa waendelee na shughuli zao kwa takriban saa 36 baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka Aprili 26, 1986, na kuchelewa huko kuliwaongezea mionzi bila sababu.

Kwa Hospitali ya Kolandoto ya Kanisa la African Inland, ambayo mizizi yake ni misheni iliyoanzishwa mwaka 1913, somo la Futaba ni zito. Mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji na mgonjwa aliye kwenye oksijeni watakuwa salama zaidi wakisogezwa katika korido ya ndani iliyozungushiwa viroba vya mchanga kuliko wakipakiwa kwenye gari kuelekea kusikojulikana huku vumbi likianguka.

Wengi wangedhani chumba cha eksirei ndicho kimbilio bora, kwa sababu kimewekewa madini ya risasi. Risasi ya milimita mbili inatosha kwa eksirei, ambayo nishati yake ni ndogo, lakini gama ya seziamu inahitaji zaidi ya milimita sita ili ipungue kwa nusu, na paa la chumba hicho katika jengo lisilo na ghorofa kwa kawaida halikukingwa kabisa.

Maziwa, lambo na chumvi

Baada ya siku mbili, hatari huhamia mezani. Zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa Chernobyl walikuja kupata saratani ya tezi ya shingo, na sababu kuu ilikuwa maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani yaliyoangukiwa na iodini-131. Katika nchi ya Wasukuma, ambako ng'ombe ni mali, mahari na chakula, kuwanyima watoto maziwa yaliyokamuliwa karibuni kwa miezi miwili ni agizo gumu lakini la lazima, kwa kuwa iodini hiyo hupungua nusu kila siku nane. Samli iliyotengenezwa kwa maziwa hayo na kuwekwa muda huo inaweza kutumika, kama iodini ndiyo peke yake iliyoyachafua.

Malambo ya wazi yatapokea vumbi, na maji ya mvua ya kwanza kutoka kwenye bati yatalisomba lote hadi kwenye tangi, kwa hiyo mfereji wa paa unapaswa kutenganishwa na tangi mapema. Maji ya bomba, ambayo tangu mwaka 2009 husukumwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA kutoka Ihelele, kando ya Ziwa Victoria, yatakuwa salama zaidi kwa ukubwa wa ziwa lenyewe, mradi umeme wa pampu uwepo.

Chumvi yenye madini joto haitasaidia kitu. Wachina waliigombania madukani mwaka 2011, baada ya ajali ya Fukushima, bure, kwa sababu kiwango cha iodini kilichomo katika kidonge kimoja cha mtu mzima cha potasiamu iodidi, kinachoikinga tezi dhidi ya iodini-131, kingehitaji zaidi ya kilo mbili za chumvi, ambazo zingemuua mlaji kwanza.

Nani atapiga mwano?

Vyombo vipo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 na yenye makao makuu Arusha, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kituo cha kupima chembe za mionzi hewani, sehemu ya mtandao wa kimataifa wa kufuatilia majaribio ya nyuklia, kipo Dar es Salaam. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwepo kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Pengo lililobaki ni kati ya kipimo cha Dar es Salaam na sikio la mkulima aliyeko shambani Kolandoto.

Usukumani pengo hilo lina tatizo lake la pekee. Tangu Sungusungu walipoibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, mwano, yaani yowe la hatari linalopokezanwa kutoka kaya hadi kaya, umekuwa na maana moja: kila mwanamume atoke nje na silaha yake, akimbilie linakotoka. Ni njia ya haraka kuliko simu, na kwa moto, wizi au fisi hakuna iliyo bora. Kwa vumbi lenye mionzi, mwano huohuo ungewatoa watu wote ndani na kuwakusanya uwanjani katika saa ileile wanayotakiwa kuwa chini ya udongo.

Kamati za maafa za kata zingefanya vema kukubaliana na viongozi wa Sungusungu, makanisa na misikiti yenye vipaza sauti, na redio za Shinyanga, kuhusu ishara nyingine iliyo tofauti kabisa, yenye agizo moja tu la kuingia ndani na kufunga milango, na kuifanyia mazoezi siku ya mnada, wakati watu wote wapo.